Mstaafu wa Wimbo wa Nne

Chiriku alikuwa amekasirika kiasi cha kusahau kumkaribisha mgeni kiti. Alizunguka sebule yake na simu mkononi, gauni la nyumbani likimfuata nyuma, na kila alipofika dirishani aligeuka kama askari kwenye gwaride.

"Sikiliza hapa," alisema. "Sikiliza mwenyewe, halafu uniambie kama mimi ni mwendawazimu."

Kachero alisikiliza. Hilo halikuwa jina alilopewa na wazazi, lakini alikuwa amekichunguzia chama cha wanamuziki kesi nyingi za nyimbo zilizoibwa hadi hata mama wa mumewe alimwita hivyo. Asubuhi ile alipopiga simu kuomba miadi, alikuwa ameshajieleza kuanzia salamu hadi sababu ya ujio wake ndipo akaambiwa asubiri kidogo, mwenye simu yuko bafuni. Sasa alikuwa amesimama katikati ya zulia, mkoba begani, akitega sikio.

Wimbo ulianza kwa biti ya kielektroniki, nyepesi, yenye kurukaruka. Kisha ikaingia sauti ya mwanamke. Ikapanda taratibu, ikafika mahali ambapo waimbaji wengi huomba msaada wa vyombo, yenyewe ikapita pale bila kutetereka.

"Hiyo ni sauti yangu," Chiriku alisema. "Nchi nzima inaijua. Watu wananipigia kunipongeza kwa wimbo ambao sijauimba! Sijawahi kukanyaga studio ya hao watu. Wamechukua nyimbo zangu wakailisha mashine ya akili mnemba, mashine ikanitapika mimi."

"Albamu nzima imeshatoka?"

"Bado. Wametoa huu wa nne tu, kuwaonjesha watu. Nyingine zinatoka Ijumaa. Na unajua wameandika mwimbaji ni nani? Mstaafu!" Alisimama, mikono kiunoni. "Wananisema mimi. Kwa kuwa sijatoa kitu siku nyingi, wananiambia nimeshastaafu."

Ko-ko. Mlio ulitoka mlangoni. Mama mmoja aliyekwisha kupita umri wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, alikuwa amesimama na trei mkononi. Pete yake ilikuwa bado imegusa fremu ya mlango.

"Mgeni amesimama," alisema, kwa sauti ya mtu ambaye vyumba vizima vimewahi kunyamaza mbele yake. "Wewe umesimama. Viti vya nyumba hii mmemwachia nani?"

Kachero alikaa kabla hajajua kwamba anakaa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa chai. Huyu binti yangu akikasirika hata maji ya kunywa husahau kumpa mtu."

"Mama, hebu sikiliza panapopanda," Chiriku alisema, akirudisha wimbo nyuma. "Hapa! Nani mwingine anaweza kupanda pale asipasuke? Nitajie mmoja."

Mama Chiriku alisikiliza, kichwa kimeinama, akikoroga chai ambayo hakuwa ameitia sukari.

"Huyo mwimbaji ana pumzi," akasema.

"Mama! Huyo mwimbaji ni mimi!"

"Basi una pumzi, mwanangu."

Kachero alificha tabasamu nyuma ya kikombe. Akauliza maswali yake ya kawaida. Nani ana rekodi ghafi za Chiriku, zile ambazo hazijasafishwa? Mtu mmoja tu, Domo, prodyuza wake wa zamani. Waliachana vipi? Vibaya, kwa kelele, na Domo alipotoka alibeba diski yenye kila kitu. Je, Domo anafahamiana na wenye studio? Chiriku hakujua, ila alikuwa tayari kuamini lolote.

Kulikuwa na jambo moja zito zaidi. Chama kilikuwa kimepitisha wimbo huo kwenye programu ya kulinganisha sauti, na programu ikasema mwimbaji na Chiriku ni karibu mtu mmoja. Mwenyekiti alitaka albamu izuiwe siku hiyo hiyo. Kachero ndiye aliyeomba aachwe kwanza aende akaone watu kwa macho yake.

*

Studio ilikuwa juu ya ngazi nyembamba, katika jengo lililokuwa zamani duka la magodoro. Kachero alipanda, akaona mlango wazi, akaingia, na boriti ya mlango ikamgonga kwenye paji la uso hadi akaona nyota mchana.

"Pole! Pole sana!" Mwanamume mnene alikuja mbio na kitambaa chenye maji. "Nilitaka kukuonya. Kila mtu hupigwa siku ya kwanza, halafu hasahau tena maisha yake yote."

Huyo alikuwa Fundi. Ndani, mbele ya kompyuta mbili, alikaa dada yake mkubwa, ambaye wateja wote walimwita Mtambo. Kuta zote nne zilikuwa zimefunikwa na magodoro yaliyobaki dukani, mengine bado ndani ya nailoni zake, na kila neno lililosemwa mle lilikufa papo hapo, bila mwangwi.

Kachero aliwahoji mmoja mmoja, kama ilivyokuwa desturi yake. Alianza na Fundi, nje kwenye kibaraza.

"Mliilisha mashine sauti ya Chiriku?"

"Hatukuilisha hata kidole chake."

"Mnamjua Domo?"

"Namjua kwa sifa. Nasikia anaongea hata akiwa amelala."

"Nani aliimba wimbo wa nne?"

"Mstaafu."

"Mstaafu nani?"

Fundi alifuta jasho kwa kitambaa kile kile alichomletea mgeni. "Hapo ndipo panaponishinda, dada yangu. Tumeapa. Sharti la kwanza lilikuwa hilo: jina lisitajwe mpaka mwenyewe atake."

"Mnajua mwenyekiti akisikia jibu hilo atafanya nini?"

"Ataizuia albamu." Alitazama chini barabarani. "Tumeifanyia kazi mwaka mzima, mimi na dada. Lakini nikishaapa nimeshaapa. Muulize yeye, atakujibu vilevile."

Mtambo alijibu vilevile. Lakini alikuwa mtu anayependa kazi yake, na Kachero alijua kwamba mtu wa aina hiyo humwulizi siri, unamwomba akuonyeshe anavyofanya kazi.

"Mimi ni mshamba wa haya mambo," alisema, akivuta kiti. "Akili mnemba inafanya nini hasa hapa?"

Uso wa Mtambo ulifunguka. "Inatupa vipande. Sisi tunachagua. Tazama." Aliandika sentensi moja: biti ya furaha, ya watu wanaohama nyumba mpya. Muda si muda spika zikatoa kitu kizito, cha kukokota miguu. "Umesikia? Tumeomba kuhama nyumba, imetupa mazishi. Tunatupa, tunaomba tena. Katika kumi tunabakiza moja, na hiyo moja Fundi anaikatakata. Sasa hii tarumbeta ya wimbo wa pili, unajua ni nini? Ni Fundi alipiga mluzi, mashine ikageuza. Na ule mvumo wa wimbo wa sita ni friji la jirani."

"Na ukitaka kuitoa sauti ya mwimbaji peke yake, bila vyombo?"

"Hiyo ni rahisi kuliko zote." Mtambo alibonyeza mara mbili, ngoma zikafutika, tarumbeta zikafutika, ikabaki sauti ya mwanamke peke yake ndani ya chumba cha magodoro. Kachero alifumba macho. Sauti ilivuta pumzi polepole, ikaimba ubeti wa kwanza. Ikanyamaza. Kisha, kabla ya ubeti wa pili, chini kabisa: ko-ko.

Mkono wa Mtambo uliruka na kuizima.

"Nini hicho?" Kachero aliuliza.

"Kelele tu. Kuna seremala hapo chini."

Kachero alikuwa amepita chini. Hapakuwa na seremala, palikuwa na duka la miwani. Hakubisha. Jicho lake lilikuwa limeshahamia kwenye kioo cha kompyuta ya pili, mahali ambapo mtu alikuwa ameiomba mashine mapendekezo ya maneno ya wimbo, kisha akaijibu. *Moyo ni wangu, haujawahi kuwa yangu. Soma tena ulichoandika, urekebishe, na usirudie.*

"Nani anaigombeza mashine namna hii?"

Fundi, aliyekuwa amesharudi mlangoni, aliangua kicheko kabla hajajizuia. "Mstaafu! Kila akija lazima wagombane. Juzi aliiambia—"

"Fundi," Mtambo alisema.

Fundi alinyamaza. Lakini Kachero alikuwa ameshapata alichokitaka. Mstaafu alikuwa na miguu ya kupandia ngazi, mkono wa kugongea meza, na ulimi wa kumkosoa mtu. Kilichobaki ni sauti. Mtu halisi angeweza kuimba mbele ya maikrofoni na bado wakamvisha sauti ya Chiriku baadaye, na mwenye sauti ghafi za Chiriku alikuwa mmoja tu.

*

Domo alikuwa ameacha muziki. Kachero alimkuta kwenye karakana ya kutengeneza mafriji, amelala kifudifudi nyuma ya friji kubwa jeupe, akiliongelesha.

"Nilijua utakuja," alisema bila kutoka. "Wimbo ule ulipotoka nilimwambia mke wangu, sasa hivi watasema ni Domo. Diski iko kwenye droo ya juu, chini ya gazeti. Ichukue. Vumbi lake lenyewe ni ushahidi."

Vumbi lilikuwa nene kweli. Waya wa kuiunganishia diski hiyo ulikuwa wa aina ambayo kompyuta za siku hizi hazina tena tundu lake. Kachero aliigeuza mkononi, akahisi njia aliyokuwa akiifuata tangu asubuhi inazibika mbele yake.

"Umeusikiliza wimbo wenyewe?"

"Nani hajausikia! Mzuri. Ila huyo si Chiriku." Domo alitoka nyuma ya friji, grisi hadi kwenye nyusi. "Programu yenu inasema ni yeye? Programu haijawahi kukaa naye studio. Chiriku ana sauti ya kukutoa machozi, lakini anavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Haa! Kila mstari. Nusu ya kazi yangu ilikuwa kuzikata pumzi zile watu wasizisikie."

Kachero alikaa juu ya friji lililolazwa. "Ngoja. Kwa hiyo kama mashine ingefundishwa kwa nyimbo zake zilizotoka..."

"Isingehema kabisa. Zote nimezikata mimi."

"Na kama ingefundishwa kwa hii diski?"

"Ingehema kama yeye. Haa! Huyu wa wimbo wa nne anahema polepole, kwa pua, kama mtu anayesoma gazeti."

"Basi si Chiriku, na si mashine iliyofundishwa na Chiriku."

"Ndicho ninachokuambia. Ni mtu mwenye koo kama lake. Ana dada? Hana, ni mtoto wa pekee. Mimi hapo ndipo nilipoishia, nikarudi kwenye mafriji."

Kachero alikuwa akiikumbuka simu ya asubuhi, namna alivyodhani anaongea na Chiriku dakika nzima, akamweleza kila kitu, na mtu aliyekuwa akimweleza hakuwa Chiriku. Kidogo kidogo mabega yake yakaanza kutikisika. Domo alidhani analia, akamletea kiti kizuri zaidi.

*

Siku iliyofuata Kachero aliwaita wote studio, saa ambazo jua lilikuwa bado linapiga kwenye ngazi. Naye Chiriku aliombwa aje na mama yake, kwa maelezo kwamba atahitajika mtu mzima wa kushuhudia.

Chiriku alitangulia, amejiandalia hotuba. "Nataka niwaone hao watu uso kwa—" Boriti ikamalizia sentensi. Alirudi nyuma amejishika paji la uso, Fundi akaenda mbio kutafuta kitambaa.

Nyuma yake alikuja mama yake, akilalamika kuhusu vumbi la ngazi na watu wasiojua kazi ya fagio. Aliinama chini ya boriti katikati ya lalamiko, akanyooka upande wa pili, akaendelea na fagio lake. Hakuitazama hata boriti yenyewe.

Fundi aliinua macho akatazama dari. Mtambo alipata shughuli ya ghafla kwenye waya fulani.

"Kaa, mama," Kachero alisema.

"Nitakaa." Na akaenda moja kwa moja kwenye kiti chenye mto, kilichokuwa nyuma ya kabati, ambacho mtu aliyesimama mlangoni asingeweza kukiona.

Chiriku hakuona chochote kati ya hayo, kwa kuwa alikuwa amefunikwa uso na kitambaa. "Haya," alisema. "Ushahidi uko wapi?"

"Mtambo, tupigie sauti peke yake," Kachero alisema. "Usiizime safari hii."

Mtambo alimtazama mama aliyekaa kwenye mto. Mama aliitikia kwa kichwa, kama anayempa mtoto ruhusa ya kutoka. Sauti ikaimba ubeti wa kwanza. Ikanyamaza.

Ko-ko.

Kitambaa kilishuka taratibu. Chiriku alitazama spika, kisha akatazama mkono wa mama yake uliokuwa umetulia juu ya goti, pete kidoleni. Alikuwa ameamshwa kwa mlio ule kila asubuhi ya maisha yake.

"Mama," alisema. "Hiyo ni pete yako."

"Ni pete yangu."

"Kwa nini pete yako iko ndani ya wimbo?"

"Kwa sababu iko kidoleni mwangu, na mimi ndiye ninayeimba."

Magodoro yalimeza hata pumzi za watu. Kachero, ambaye alikuwa amejipanga kueleza kuhusu kuhema, simu na boriti, aliona maelezo yake hayana tena mteja, akayaweka.

"Umeniacha nikaenda chama," Chiriku alisema. "Nimewatukana hawa watu kwenye redio!"

"Hilo nimekosa, na wao nawaomba radhi." Mama aligeuka kwenye kiti. "Nilikuwa nimepanga kukuambia Ijumaa. Ukaniwahi. Kisha ukaja sebuleni ukasema hakuna mwingine anayeweza kupanda pale, nimtaje mmoja." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya blauzi, ingawa haikuwa na kitu. "Nilifurahi, mwanangu. Nilifurahi kupita kiasi. Nikajiambia, ngoja niisikie sifa hiyo tena kesho, halafu ndiyo niseme."

"Lakini kwa nini kwa siri? Ungeniambia ningekupeleka kwa watu wangu, ungeimba na bendi, ningekutangaza..."

"Ndiyo maana." Alisema taratibu, bila ukali. "Nimefundisha shule miaka mingi. Nikastaafu. Sokoni naitwa mama Chiriku, benki mama Chiriku, hata daktari anaandika mama Chiriku. Najivunia, usinielewe vibaya. Ila nilipowasikia hawa watoto wanatafuta mwimbaji, nikataka kujua jambo moja tu: kama mtu asiyejua wewe ni nani wangu angenisikiliza mpaka mwisho. Fundi hakujua. Alinisikiliza mpaka mwisho."

"Nilimwomba arudie mara tatu," Fundi alisema. "Kwa raha zangu tu."

"Ungeweza kuwaambia chama tangu jana," mama alimwambia Mtambo. "Albamu nusura izuiwe kwa ajili yangu."

"Tuliapa, mwalimu."

"Vizuri sana. Alama zote."

Chiriku aliketi sakafuni, mgongo kwenye godoro, akawa anacheka na kulia kwa zamu hadi yeye mwenyewe hakujua kipi kilianza. Mama yake alimwacha amalize.

Simu ya Kachero ililia. Mwenyekiti.

"Malalamiko yameondolewa," Kachero alimwambia baada ya Chiriku kumpungia mkono wa kukubali. "Ndiyo, mashine imetumika. Kwenye biti, kwenye tarumbeta, hata friji limo. Kwenye sauti haikutumika... Ya nani?" Alimtazama mama aliyekuwa kwenye mto. Mama alitikisa kichwa kukataa. "Ni ya Mstaafu, mwenyekiti. Nimeongea naye ana kwa ana. Mengine ni siri yake."

Alipokata simu, Chiriku alikuwa ameshasimama mbele ya kompyuta, akimdadisi Mtambo. Wimbo wa tisa ulikuwa na pengo kwenye kiitikio. Walihitaji sauti ya pili, mashine ilikuwa imewapa nyingi, na mwalimu alikuwa amezikataa zote kwa sababu, kama alivyosema, zilikuwa zinaimba bila kusikiliza.

"Nitaimba mimi," Chiriku alisema.

"Utajaribiwa kama wengine," mama yake alimjibu.

"Mama, mimi ni Chiriku!"

"Nakujua. Vaa hedifoni."

Alivaa. Mwanamke aliyekuwa amejaza viwanja vya mpira alisimama mbele ya maikrofoni katikati ya magodoro, akavuta gauni lake likae sawa, akakohoa. Fundi alianzisha biti. Mara ya kwanza aliingia mapema, mama akainua mkono. Mara ya pili alipiga kelele mno, mkono ukainuka tena. "Usimfunike mwenzako. Yeye anasema, wewe unaitikia." Mara ya tatu Chiriku alifumba macho, akaishusha sauti yake hadi chini ya ile ya mama yake, akaibeba mgongoni. Fundi akasahau kubonyeza kitufe cha kusimamisha. Mtambo alikibonyeza kwa niaba yake.

"Utafaa," mama alisema.

Mtambo alivuta kibodi. "Basi nibadilishe majina kabla ya Ijumaa. Wimbo wa tisa, mwimbaji: Mstaafu. Na huyu nimwandike vipi? Chiriku?"

Chiriku alimtazama mama yake, hedifoni bado kichwani.

"Hapana," alisema. "Andika: Mstaafu na binti yake."